Gari la zimamoto "limekuja bila maji": kweli, au hesabu ndiyo inatushinda?

Pima_Maji — #1
Wakuu, salaam. Kila nyumba ikiungua lawama ni ile ile: zimamoto wamekuja bila maji. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi gari lilifika limejaa, likaishiwa mbele ya macho ya watu.

Tangi la gari la kwanza kwa kawaida ni kati ya lita 2,000 na 5,000. Tuseme 3,000. Mpira mmoja wa milimita 45 ukifunguliwa sawasawa unatoa kama lita 450 kwa dakika. Dakika sita na sekunde arobaini, kwisha. Ukifungua miwili ni dakika tatu na ushee. Mtazamaji aliyefika dakika ya nane anakuta tangi tupu na askari wanahangaika kutafuta haidranti (bomba la barabarani la kujazia gari la zimamoto), basi anaandika kwamba gari lilikuja kavu.

Sasa kosa liko wapi? Tangi dogo, haidranti, au watu?

Fundi_Pampu — #2
Hesabu haina kasoro ila umeiruka sababu ya nne: maji yapo ndani na hayatoki.

Magari mengi PTO ya pampu, ile gia inayopeleka nguvu ya injini kwenye pampu, inaingizwa kwa upepo, upepo ule ule wa breki. Gari lililolala usiku kucha na mfumo unaovuja linaamka geji ikiwa chini. Dereva anakanyaga mafuta njiani upepo ujae kiasi cha kuachia breki, anafika, anabonyeza swichi ya pampu, taa haiwaki. Watu wanaona mpira umelala chini kama nguo iliyoanikwa. Dawa yake ni kikompresa kidogo cha umeme pale kituoni kinachotunza upepo muda wote, pamoja na chaja ya betri. Vyote viwe kwenye plagi inayochomoka yenyewe gari likiwashwa, vinginevyo siku moja litaondoka na ukuta.

Ya pili ni valvu kati ya tangi na pampu. Isipofunguliwa na kufungwa kila wiki inaganda. Ukiilazimisha unavunja mpini, valvu inabaki pale pale.

Kamba_Ndefu — #3
"Litaondoka na ukuta" 😂 Fundi leo umeamka vizuri.

Hesabu_Kwanza — #4
Mimi nasema watu. Kiti kimoja cha gari kinachotakiwa kuwa na mtu saa 24 kinahitaji saa 8,760 kwa mwaka. Mtu wa saa 42 kwa wiki anafanya 2,184. Toa likizo ya wiki nne, saa 168. Toa ugonjwa na mafunzo, tuseme 130. Zinabaki 1,886. Gawanya: watu 4.6 kwa kiti kimoja. Gari la viti vinne linataka watu 18 hadi 19 kwenye orodha, na hapo hujaweka mpokea simu wala dereva wa lori la maji.

Kituo chenye majina kumi kinaonekana kimejaa ukikisoma kwenye karatasi. Gawa kumi kwa 4.6, gari linatoka na wawili. Mmoja ni dereva, hatakiwi kuondoka kwenye pampu. Wa pili hawezi kuingia ndani peke yake. Kwa hiyo wanamwagia kupitia dirishani, tena kwa mpira mkubwa kwa sababu wako mbali, na lita 3,000 za mleta mada zinaishia ukutani. Mtu wa nje anaita hilo tatizo la maji.

Nozeli_45 — #5
Nakazia #4. Kanuni za OSHA, wakala wa usalama kazini kule Marekani, zinasema wawili ndani, wawili nje wakiwa tayari kuokoa, isipokuwa pale kuna mtu wa kuokolewa. NFPA 1710, kiwango cha chama cha kinga ya moto cha huko huko, inataka wanne kwenye gari, watoke kituoni ndani ya sekunde 80 kwa wito wa moto, na gari la kwanza lisafiri kwa sekunde 240. NIST, taasisi yao ya viwango na vipimo, walipima mwaka 2010 kwenye nyumba ya kawaida: kikosi cha wanne kilimaliza kazi 22 za eneo la moto kwa muda pungufu wa karibu asilimia 30 kuliko cha wawili.

Fundi_Pampu — #6
Nozeli, hizo ni dakika ngapi? Asilimia haizimi moto.

Nozeli_45 — #7
Kama saba. Dhidi ya watatu ni kama tano. Linganisha na dakika sita na sekunde arobaini za tangi la #1 halafu uniambie.

Bomba_Jembamba — #8
Samahani wakuu, lita 450 nani kazilazimisha? Mpira mwembamba wa kwenye rola, ule wa presha kubwa, unatoa lita 100 hivi kwa dakika. Tangi la 3,000 linakupa nusu saa nzima. Ukungu mwembamba unageuka mvuke haraka, na maji yakiwa mvuke yanatanuka mara 1,700. Mnamwaga mafuriko halafu mnalia tangi dogo.

Nozeli_45 — #9
Hapo ndipo watu wanapoumia. Kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi kuwa mvuke inakula megajuli 2.6. Lita 100 kwa dakika ni lita 1.67 kwa sekunde, sawa na megawati 4.3 kama KILA tone linageuka mvuke. Haligeuki. Theluthi moja ikifanya kazi umebaki na megawati 1.4. Pikipiki, sawa. Jaa la taka, sawa. Chumba ambacho kila kitu kimeshika kinaweza kukupa megawati tatu, tano au zaidi, kutegemea madirisha. Lita 450 kwa theluthi ile ile zinakupa megawati 6.5. Huo mvuke wako unaotanuka mara 1,700 unatanuka kuelekea kwa nani? Kwa yule aliyeshika nozeli, kama hakuna tundu upande wa pili.

Bomba_Jembamba — #10
Theluthi umeitoa wapi? Kwa ukungu mzuri inapanda. Kingine, askari mjuzi hafungui moja kwa moja, anapiga vipigo vifupi darini kupoza moshi huku anasogea. Lita 450 kwa dakika ni uwezo wa nozeli, si matumizi. Hesabu ya #1 inachukulia mtu kafungua na kusinzia.

Pima_Maji — #11
Nimekubali nusu. Vipigo vifupi vinataka mtu aliyefundishwa na aliye NDANI. Turudi #4: wakiwa wawili hakuna wa kuingia.

Koni_Tano — #12
Swali la pembeni: kukiwa na kisima au mto karibu, si gari linajivutia tu?

Fundi_Pampu — #13
Linajivutia kwa masharti. Pampu haivuti maji, inaondoa hewa na uzito wa anga ndio unaoyasukuma juu. Usawa wa bahari kikomo cha nadharia ni mita 10.3; kwa kazi halisi panga saba, saba na nusu. Kwenye nyanda za juu unapoteza kama mita moja kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kisima cha mita tisa sahau, hata ulete pampu ya meli.

Chujio lazima lizame, angalau sentimita 60 juu yake ziwe maji na chini lisiguse tope. Likiwa karibu na uso linatengeneza kizunguzungu cha maji, linanyonya hewa, presha inaanguka, na aliye mbele na nozeli anapigwa na moto. Mipira ya kunyonya iwe migumu. Ule laini wa kusukumia unajikunja kama utumbo ombwe likianza.

Lori_Zito — #14
Haidranti zenyewe mmezisahau. Inaweza kuwepo, ina presha, na kapulingi (viungo vya mpira na haidranti) haziingiliani. Mwaka 1904 Baltimore iliungua siku mbili huku magari ya miji jirani yamesimama na mipira isiyofunga kwenye haidranti za mji ule. Adapta ni kipande cha chuma cha kushikwa mkononi. Kikiwa hakipo kwenye sanduku la gari, haidranti yako ni kigingi cha kufungia mbuzi.

Hesabu_Kwanza — #15
Tuongeze lori la maji la lita 10,000 likienda na kurudi. Kujaza kwa lita 1,000 kwa dakika: dakika 10. Kwenda na kurudi kilomita tano kila upande kwa mwendo wa 40: dakika 15. Kumwaga kwenye tangi la kukunja na kugeuza: dakika 5. Mzunguko ni nusu saa, yaani wastani wa lita 333 kwa dakika. Lori moja halifikii hata mpira mmoja wa #1. Mawili yanafika, maadamu mahali pa kujazia hayapangi foleni.

Lori_Zito — #16
Sawa, ila hilo lori litafika? Tangi lililojaa halina shida sana, na lililo tupu pia. La NUSU ndilo linaloua. Maji tani tano yanayocheza yanafika kwenye kona sekunde moja baada ya gari, gari limeshaanza kunyooka, ndipo yanalisukuma. Kuta za ndani zenye matundu zinapunguza mchezo huo. Kuna waliozikata kurahisisha usafi wa tangi! Baada ya tukio ama unajaza tena ama unamwaga yote, hurudi na nusu.

Na tairi. Gari la zimamoto lina kilomita chache, kashata zinaonekana mpya, kumbe limesimama na tani zake mchana na usiku kwa miaka tisa. Soma tarehe ubavuni, tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. NFPA wanataka zibadilishwe zikifika miaka saba hata kama kashata zipo.

Kamba_Ndefu — #17
Tumeanza na maji, tupo kwenye tairi. Uzi huu ukifika ukurasa wa pili tutakuwa kwenye kilimo.

Koni_Tano — #18
Kamba, tupo barabarani, ni jambo lile lile. Wito mwingi wa vituo vya pembezoni ni ajali, na anayewamaliza waokoaji pale ni gari la pili linalokuja nyuma.

Ukifika, gari kubwa lisimame KABLA ya ajali, kwa mshazari, liwe ukuta. Magurudumu ya mbele yageuzwe pembeni yasielekee kwenye eneo la kazi, ili likigongwa lisiwaangukie. Paneli ya pampu iwe upande uliokingwa. Anayepanga koni atembee akiwaangalia wanaokuja, pembezoni, si katikati huku kageuza mgongo. Gari la wagonjwa likae mbele ya ajali, milango ya nyuma haielekei magari yanayokuja.

Hesabu_Kwanza — #19
Umbali wa koni ya kwanza unahesabika. Kilomita 100 kwa saa ni mita 27.8 kwa sekunde. Dereva akishtuka ndani ya sekunde moja na nusu, keshakula mita 42 kabla ya kugusa breki. Breki nzuri kwenye lami kavu zinataka mita 55 zaidi. Jumla 97. Kukiwa na mvua, karibu 140. Lori lenye mzigo, breki za upepo zikichelewa nusu sekunde, ni 140 na zaidi hata pakavu.

Sasa angalia mtu aliyeharibikiwa na gari anavyoweka pembetatu: hatua thelathini, basi. Dereva wa 100 anazimaliza kwa sekunde moja. Bado hajaelewa ni pembetatu au mfuko wa plastiki.

Bomba_Jembamba — #20
Na pakiwa na kona au kilele, unahesabu kutoka pale unapoonekana, si kutoka kwenye gari. Matawi kwenye kona yanamwambia dereva "kuna kitu". Hayamwambii yuko umbali gani.

Mwanga_Mdogo — #21
Mbona hamjagusa taa? Watu wanaamini taa nyingi ni usalama. Usiku, magari manne yakimwekamweka na taa kubwa za mbele zinawaka kuelekea wanaokuja, dereva haoni askari aliyesimama kati yao. Kizibao kinachoakisi kinarudisha mwanga kule ulikotoka tu. Kinang'aa kwa dereva ambaye taa ZAKE zimekigonga. Ukisimama mbele ya taa zinazowaka, yeye anaona taa, wewe ni kivuli. Masizi na tope vikishafunika michirizi unakuwa umevaa nguo ya rangi tu, na ile rangi kali ya manjano-kijani inafanya kazi mchana, usiku haina msaada.

Mkishafunga eneo: zimeni taa za mbele, punguzeni za kumwekamweka, bakizeni za nyuma.

Koni_Tano — #22
Mwanga, kupunguza nakubali, ila gari la ukuta nalo likififia? Mlevi haoni hata taa kumi.

Mwanga_Mdogo — #23
Gari la ukuta lina michirizi ya mshazari nyuma, nyekundu na manjano, iwe safi. Mlevi hana dawa ya taa, dawa yake ni tani za lile gari na watu kutokaa kati.

Lori_Zito — #24
Lori la mafuta likipinduka je? Hapo wengine wanakimbilia na madumu.

Nozeli_45 — #25
Kwanza soma bango la rangi ya chungwa ukiwa mbali. Juu 33, chini 1203: petroli. Juu 23, chini 1965 au 1075: gesi ya kimiminika, hapo hesabu yote inabadilika. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, unatambaa kwenye mtaro na kukusanyika bondeni, yaani kule kule wenye madumu wanakochota. Petroli inatoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, haisubiri jua. Cheche ya kuwasha pikipiki inatosha.

Mwongozo wa dharura wa Amerika Kaskazini unasema tangi la petroli likishika moto, watu waondoke mita 800 pande zote. La gesi, 1,600.

Hesabu_Kwanza — #26
Na povu lipigiwe hesabu kabla ya kufungua, si baada. Petroli iliyomwagika mita za mraba 200, isiyo na ethanoli: lita 4.1 kwa dakika kwa kila mita ya mraba kwa povu la kutanda utando, dakika 15. Ni lita 12,300 za mchanganyiko. Kwa asilimia 3 unataka dawa ya povu lita 369. Gari lenye maji 3,000 na madumu matano ya lita 20 likianza, litafunika robo, liishiwe, moto ulambe povu lote na uwe umetupa kila ulichonacho. Afadhali kulinda majirani na kusubiri mpaka vyote vimefika.

Fundi_Pampu — #27
Na povu usilichome katikati ya mafuta. Ligonge ukuta au ardhi mbele yake litelezee juu. Ukilichoma linakoroga petroli ndani yake na linawaka lenyewe. Petroli ikiwa na ethanoli tafuta povu linalostahimili alkoholi, la kawaida linaliwa. Tena madumu ya zamani mengi yana PFAS, kemikali sumu zisizooza, si ya kufanyia mazoezi na kumwaga mtaroni.

Koni_Tano — #28
Kuhusu kuwatoa majeruhi: gari lisipowaka na lisipozama, muacheni, shikeni kichwa kisicheze. Zimeni swichi, toeni nyaya za betri, hasi kwanza. Mifuko ya hewa ina kapasita inayobaki na chaji dakika kadhaa, kwa hiyo ambayo haijafyatuka kaeni nayo mbali: sentimita 12 ubavuni, 25 kwa usukani, 50 upande wa abiria. Kabla ya kukata nguzo bandua plastiki yake uone ndani kuna nini. Ukikata kopo la gesi la mfuko wa hewa wa pazia (ule wa juu ya madirisha), umelipua.

Kamba_Ndefu — #29
Na mtungi wa kilo moja wa kwenye gari unasaidia au pambo?

Bomba_Jembamba — #30
Sekunde nane hivi. Unasaidia ukiutumia kwa akili: boneti usiifungue yote, vuta kifyatuo cha ndani iachie kidogo, pulizia kwenye upenyo. Ukiifungua umeleta hewa. Pia geji ya kijani haikwambii kama unga umeganda chini kwa mtikisiko. Ugeuze juu chini mara kwa mara.

Nozeli_45 — #31
Hilo la kugeuza wengine wanalikataa, wanasema unga wa sasa haugandi. Gari la umeme lenye betri inayowaka ndani, unga hausaidii kabisa: maji mengi, muda mrefu, na linaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa likiwa juu ya lori la kulivuta. Na nyaya za chungwa, zile za umeme mkubwa, haziguswi.

Pima_Maji — #32
Ahsanteni. Naona kila mtu kabaki na sababu yake: Hesabu watu, Lori adapta na tairi, Bomba nozeli. Fundi, nirudi kwako. Nataka kujua kabla ya siku ya moto kama pampu itavuta. Kipimo ni kipi?

Fundi_Pampu — #33
Kipimo cha ombwe, kavu. Mwaga maji yote kwenye pampu, funga kila kitu, weka vifuniko kwenye midomo ya kunyonya. Washa praima (kipampu cha kuondoa hewa) hadi geji ishuke kama bar 0.75 chini ya hewa, zima praima, subiri dakika tano. Ikirudi zaidi ya bar 0.34, pampu inavuja. Injini izimwe, kwa sababu kelele yake inakuficha mluzi wa hewa inapoingia.

Pima_Maji — #34
Ikivuja na sisikii mluzi?

Fundi_Pampu — #35
Geuza kazi. Isukumie maji kutoka haidranti au gari lingine, bar tano zinatosha, halafu zunguka na tochi. Palipo na tone ndipo hewa ilikuwa inapita. Anza na gasketi za vifuniko, kisha shafti, ingawa ile yenye vifungashio vya kamba kudondosha matone machache ni kawaida yake, ukiikaza mpaka ikauke unaiunguza. Mara nyingi utaikuta koki ya chini ya kutolea maji. Mtu aliifungua pampu ikauke, akaikaza kwa vidole viwili.

Kamba_Ndefu — #36
Vidole viwili ndio sababu ya tano sasa 😂